Daftari la Kiti cha Sita

Daktari alimwonyesha Inspekta vidole vitatu, akavikunja kimoja kimoja.

"Jumatatu hakuja. Jumatano hakuja. Leo Ijumaa kiti chake kimekaa kitupu mpaka saa mbili na nusu asubuhi, nikampa mgonjwa wa dharura. Wiki nzima hajasafishwa damu. Unajua wiki nzima ni nini kwa mtu ambaye figo zake zimekufa zote mbili?"

"Nielimishe."

"Maji yanajaa kifuani. Sumu inapanda. Halafu moyo unasimama wenyewe, bila hata kupiga hodi."

"Amebakiwa na muda gani?"

"Ungeniuliza jana ningekujibu."

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Inspekta alifunga kijitabu chake, akashukuru, akatoka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na viatu vya kelele, na katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amezoea kutafuta watu waliokimbia mambo mabaya. Huyu alikuwa amekimbia jambo jema, na hilo ndilo lililomkera tangu Jumatano, jalada la kesi lilipotua mezani kwake.

Aliyepotea alikuwa fundi saa, miaka arobaini na saba, mume wa mpishi wa shule. Jumapili jioni alimwambia mkewe anatoka kunyoosha miguu. Simu aliiacha mezani, kando ya miwani yake ya kazi, na hakurudi. Jumatatu inayokuja alikuwa alazwe hapahapa hospitalini, apandikizwe figo ya mdogo wake wa kike. Vipimo vilikuwa vimekubali, tarehe ilikuwa imepangwa, ukoo mzima ulikuwa umeshusha pumzi. Siku nane kabla ya kupona, mtu akayeyuka.

Kitu pekee walichokuwa nacho ni daftari. Sista wa wodi ya kusafisha damu alilikuta Jumatatu akipangusa kiti cha sita, limesukumwa chini ya mto: daftari jembamba la shule, jalada la bluu, kalamu imechomekwa katikati. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari miwili. "Hapa hakuna majina. Andika linalokukaa kifuani, mwenzako wa zamu nyingine atalisoma."

Wodi ile ilikuwa na zamu mbili. Wa asubuhi walifungwa kwenye mashine kwa saa nne nzima, wakaondoka. Saa saba wakaingia wa mchana, wakakaa kwenye viti vilevile ambavyo bado vina joto la wenzao. Hawakuwa wakikutana. Kwa miezi mitano watu wawili wa kiti cha sita walikuwa wameandikiana humo, na kwa kuwa majina yalikatazwa, kila mmoja alimwita mwenzake kwa zamu yake. Mmoja Asubuhi, mwingine Mchana.

Asubuhi alikuwa ameandika mambo yaliyomfanya Inspekta aamini kwamba kesi imejifungua yenyewe. "Watu wote wanaisubiri tarehe kama sikukuu. Mimi nikiifikiria natapika." Na tena: "Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Waliniuliza vipimo vimesemaje." Na ukurasa wa mwisho mwisho: "Siku ikikaribia nitakwenda kwa mama mdogo. Ana chumba cha uani. Mpaka wanipate, tarehe itakuwa imepita."

Basi, mgonjwa anaogopa kisu, amekimbilia kwa mama yake mdogo. Jana Alhamisi Koplo aliendesha gari kwa saa tano kwenda na saa tano kurudi, akarudi mikono mitupu. Huyo Mchana naye, mpiga picha mstaafu, alishahojiwa tangu Jumatano. Alisema hamjui mtu wa asubuhi na hajawahi kumtia machoni. Inspekta alimwamini, na hata sasa alikuwa bado anamwamini.

Koplo alikuwa ameegesha gari chini ya dirisha la maabara, anakula biskuti. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na sauti yake nzito ndiyo iliyokuwa ikibeba kwaya ya polisi.

"Yule bibi wa jana, Afande, amenipa chai na lawama za ukoo mzima," alisema. "Kuna moja nilisahau kukuambia."

"Ripoti haisahauliwi nusu, Koplo."

"Ni dogo. Anasema yule binti wa marehemu dada yake, huyu mdogo wa mgonjwa, alimpigia simu wiki tatu zilizopita. Kumuuliza kama chumba cha uani kina mtu."

Inspekta aligeuka. "Yule dada? Siyo kaka?"

"Dada. Nikadhani alikuwa anamtafutia kaka yake pa kupumzikia."

Inspekta alitoa daftari kwenye mkoba, akamrushia mapajani. "Nisomee. Ya Asubuhi tu, yale ya mwisho. Macho yangu yamechoka, nataka kusikia."

Koplo alifuta vidole kwenye suruali, akaanza. Alisoma kwa sauti ileile ya kwaya, pole pole, na maneno ya yule mtu aliyeogopa yalisikika ya ajabu ndani ya gari lile lenye harufu ya biskuti. Alisoma kuhusu kutapika. Alisoma kuhusu vipimo. Kisha akasoma: "'Wifi ananiletea supu kila jioni. Anakaa hapohapo kunitazama mpaka nimalize bakuli. Najiona kama kuku anayenoneshwa...'"

Akacheka, akakohoa biskuti.

"Nini?" Inspekta aliuliza.

"Samahani, Afande. Mdomo wangu umegoma. Mimi na ndevu zangu hizi nikae niseme 'wifi ananiletea supu'!"

"Soma tena."

"'Wifi ananiletea...'" Koplo alirudisha kidole mwanzo wa mstari. Alilitazama lile neno, akamtazama Inspekta. "Mwanamume hana wifi, Afande. Mwanamume ana shemeji. Mke wangu anao mawifi wanne na wote wanamnyima raha, lakini mimi hapa sina hata wa dawa."

Mstari ule Inspekta alikuwa ameusoma si chini ya mara nne. Kila mara aliusoma kwa sauti yake mwenyewe ya kichwani, sauti ya mwanamke mwenye mawifi watatu, na neno likapita laini, halikukwaruza popote. Aliona aibu, aibu ya kweli, na ilimfanya ateremke garini akiwa bado hajafunga mkoba.

"Fundi saa hajaandika hata mstari mmoja humo," alisema. "Twende."

Sista alikuwa anapanga sindano kwenye trei.

"Huyu wenu wa kiti cha sita, wa asubuhi, anachomwa mkono gani?" Inspekta alimuuliza.

"Wa kulia. Mshipa wa kushoto ulikufa mwaka jana."

"Na anaandikia upi?"

"Huohuo wa kulia. Ndiyo maana tunamsainisha kabla ya kumchoma. Akishafungwa, mkono ule ukicheza tu, mashine inapiga kelele wodi nzima."

"Nani hukaa naye?"

"Dada mtu. Anakaa kwenye stuli, hajakosa hata siku moja. Yupo pale nje sasa hivi, tangu asubuhi. Nimemwambia aende nyumbani, hasikii."

Dada mtu alikuwa karani wa posta, miaka arobaini na mbili, mwembamba, nywele zimefungwa kitambaa cheusi. Alikuwa kwenye benchi la ukumbini na sweta la kiume mapajani. Mashine humwondolea mtu joto, na sweta lile lilikuwa la kumfunika kaka yake magoti. Alikuwa amelileta siku zote tatu ambazo kaka yake hakuja.

Inspekta alikaa kando yake. "Hujambo, dada. Wifi yako anaendeleaje?"

"Tumshukuru Mungu. Yuko kazini, anatoka saa nane."

"Bado anakuletea supu?"

Mkono uliokuwa ukipapasa sweta ulisimama. Inspekta alitoa daftari la bluu, akaliweka kati yao. Yule dada hakuligusa. Alilitazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Ningemwambia nani?" alisema hatimaye. "Mama alishakufa. Wifi ananipigia magoti. Majirani wananiita shujaa. Nilikuwa nalilia chooni, Inspekta, na maji nimefungulia. Siku moja kaka amelala, nikawa natafuta leso iliyoangukia chini ya mto wake, nikakutana na hili. Nikaandika mstari mmoja tu. Siku iliyofuata ya mashine nikakuta nimejibiwa."

"Ulijibiwa nini?"

"'Hata mimi ningeogopa.' Basi. Maneno matatu, ya mtu nisiyemjua. Nilikuwa sijalala wiki mbili, usiku ule nikalala."

"Unaogopa upasuaji."

"Naogopa, ndiyo. Nina mtoto mmoja na baba yake hayupo. Lakini hata nisingeogopa, sikutaka. Mtu hawezi kusema sikutaka mpaka alete cheti?" Alisema kwa hasira, kisha hasira ikamwisha mara moja. "Jana nimesaini karatasi zote. Kwa hiari yangu, hakuna aliyenishika mkono. Arudi tu. Achukue hata zote mbili."

"Kaka yako alijua unaandika?"

"Hajui! Saa ya pili ya mashine huwa analala kabisa. Naandika, narudisha chini ya mto, natoka kunywa chai."

"Mara ya mwisho uliandika lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Ile habari ya mama mdogo. Sikwenda, lakini niliandika. Jumatano na Ijumaa kaka hakulala, sikupata nafasi ya kuligusa."

Inspekta alifungua daftari baada ya mstari ule wa chumba cha uani. Kulikuwa na jibu fupi la Mchana, na baada yake karatasi mbili zilikuwa zimechanwa, vipande vyake vimebaki kwenye uzi.

"Hizi umechana wewe?"

"Sijachana kitu." Dada mtu aliinama karibu. "Hizo hazikuwa zimechanwa."

Inspekta alisimama bila kuaga. Ilikuwa imetimia saa saba na robo.

Mpiga picha alikuwa ameshafungwa kwenye mashine. Alikuwa mzee wa miaka sabini, shati limepigwa pasi, kofia ameiweka tumboni. Damu yake ilikuwa inatoka na kurudi kwenye mirija miwili, na yeye aliitazama kama mtu anayetazama mvua ya jana. Inspekta alivuta stuli.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Juzi nilishakujibu."

"Ulinijibu, na ulisema kweli. Niliuliza kama unamjua. Leo nauliza ulimpa nini."

Mzee aligeuza uso upande wa ukuta.

"Karatasi mbili zimechanwa," Inspekta aliendelea. "Jumatano ya wiki iliyopita, au Ijumaa. Mtu alikuomba kitu, ukampa, ukamwambia achane."

"Nisikilize, binti. Watoto wangu wako mbali. Wanajua nilishapona, nawatumia picha zangu za zamani, wanafurahi. Miezi mitano hii, mtu pekee duniani anayejua kwamba usiku naogopa kuzima taa ni huyo wa asubuhi. Jina silijui. Sura siijui. Aliniamini, na mimi sina cha kumpa zaidi ya kufunga mdomo. Unataka nimuuze?"

"Unadhani ni nani?"

"Mwanamke. Miezi mitano hajalalamikia kiu hata mara moja; figo zake ni nzima, na wanataka kumkata moja bila ridhaa yake. Alitaka pa kujificha mpaka tarehe ipite. Mfukuzeni mwizi, yeye mwacheni."

"Maandishi ya kuomba yalikuwa yake?"

"Yake, ndiyo." Mzee alisita. "Yalichafuka kidogo. Makubwa makubwa, yamelala. Nikajua alikuwa analia, mkono unamtetemeka. Ikaniuma."

"Yalikuwa ya mkono wa kushoto, mzee. Wa kulia ulikuwa na sindano, kama wako huo."

Mpiga picha aligeuka taratibu.

"Huyo mwanamke yuko pale nje," Inspekta alisema. "Amekaa kwenye benchi na sweta la kaka yake. Hakukuomba kitu, na hajui kama mtu alikuomba. Aliyekuandikia ni kaka mtu, mgonjwa mwenyewe, anayekaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Alilisoma daftari. Amejificha ili dada yake asilazimike kukataa. Leo ni siku ya saba hajafungwa mashine."

Watu wengine wote wangehitaji kuelezwa maana ya siku saba. Mzee hakuhitaji. Alijaribu kusimama, mirija ikavutika, mashine ikapiga yowe. Sista akaja mbio.

"Nilimwachia ufunguo chini ya mto," mzee alisema huku Sista anamkandamiza kitini. "Wa studio yangu. Nyuma ya soko la mbao, mlango wa kijani. Nilipitia huko Alhamisi ya wiki iliyopita nikamwachia mkate. Na maji, binti. Nilimwachia ndoo nzima ya maji safi. Nilimwandikia ajitahidi kunywa, joto la mle ndani ni kali." Alikuwa analia waziwazi. "Maji! Na mimi ndiye ninayepimiwa maji kwa kikombe cha chai!"

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa kwa ndani. Koplo aliita mara mbili, kisha akaupiga bega, na komeo likang'oka na kipande cha ubao. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya dawa za kusafishia picha. Ukuta wa mwisho ulikuwa umefunikwa kwa pazia kubwa lililochorwa bustani, ngazi nyeupe na bata wawili, na mbele ya bustani hiyo, kwenye kiti walichokuwa wakikalishwa wateja, alikaa fundi saa.

Alikuwa amevua viatu kwa sababu miguu haikuenea tena. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamebaki mistari. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi zenye mlio wa maji. Saa ya ukutani juu ya mlango, ambayo kwa hakika ilikuwa imekufa miaka na miaka, ilikuwa inatembea, na bisibisi ya kuazima ilikuwa mezani. Ndoo ilikuwa imepungua zaidi ya nusu.

Koplo alirudi nje kuita gari la wagonjwa. Sauti yake ilisikika mpaka soko la mbao. Inspekta alipiga magoti mbele ya kiti.

"Mimi ni polisi. Usiongee kama inakuumiza."

"Nani... kawaambia?"

"Daftari. Uliliona lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Dada alikwenda kunywa chai... nikahisi kalamu inanichoma mgongoni." Alivuta pumzi tatu kabla ya kuendelea. "Nilisoma kama natafuta usingizi. Habari za mtu. Nikamwonea huruma huyo mtu. Nikafika kwenye wifi. Kwenye supu. Supu hiyo inapikwa kwangu."

"Ungemwambia daktari hutaki figo. Yangeisha."

"Angejua nimesoma. Angenibembeleza. Halafu angetoa." Alitikisa kichwa. "Tangu utotoni hajaninyima kitu. Nilikuwa naona fahari, nasema nina dada. Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza."

"Ulitaka kufa?"

Swali lilimshangaza. "Hapana. Nilitaka Jumatatu ipite, nirudi, niseme nilipotewa na akili. Ningeendelea na mashine yangu. Nilidhani siku nane zinawezekana." Aliinua macho kwenye saa aliyoitengeneza. "Nilipiga hesabu vibaya."

Inspekta alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na ule mshipa wa kuchomea ulikuwa unaruka ruka chini ya ngozi bila mpangilio.

"Asijue nimesoma," fundi saa alisema.

"Utaonana naye nusu saa ijayo. Utajua mwenyewe la kumwambia."

"Wewe niahidi."

Inspekta hakuwa mtu wa kuahidi. Katika kazi yake ahadi hugeuka kuwa ushahidi. "Nimekusikia," alisema, na yule mtu akaona inatosha, akafumba macho.

Gari la wagonjwa lilikuja upesi kuliko kawaida. Moyo wake ulisimama njiani, mtaa mmoja kabla ya geti, wakaushtua, ukarudi, ukasimama tena wakati Sista ana mpira wa mashine mkononi. Daktari aliendelea kumkandamiza kifua muda mrefu baada ya wengine kuacha. Saa tisa kasoro dakika kumi alitazama saa yake, akaitaja saa hiyo kwa sauti, na mtu mmoja akaiandika.

Mke wake alikuwa amefika kutoka kazini, bado ana aproni. Kilio chake kilisikika kutoka chumba cha ndani. Koplo alikuwa amesimama mlangoni kofia mkononi. Mpiga picha alikuwa amebakiza saa mbili na nusu kwenye mashine na haruhusiwi kusogea, kwa hiyo alisikia kila kitu akiwa amekaa.

Dada mtu hakulia. Alikuwa kwenye benchi lilelile. Inspekta alikaa pale alipokaa mwanzo. Alikuwa amepeleka habari za msiba kwenye nyumba nyingi, na alijua kwamba mtu asiyelia huwa ana swali.

"Alisoma?" dada mtu aliuliza.

Alimtazama Inspekta usoni. Hakuwa anapepesa. Inspekta naye hakupepesa.

"Hapana," alisema. "Lilikuwa chini ya mto mpaka Sista alipolikuta. Hakuligusa. Zile karatasi alizichana mwenzako wa mchana."

"Una hakika?"

"Ndiyo kazi yangu. Nina hakika."

Dada mtu alitoa pumzi ndefu, mabega yakashuka, na kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba amewekewa kitu chepesi mahali pa kitu kizito. Kisha kipaji cha uso kikajikunja.

"Basi aliondokea nini?"

Inspekta aliwahi kudanganya wezi, wauaji na mawakili wao, na siku zote alikuwa na jibu la pili mfukoni. Safari hii alikuwa amejiandaa kwa swali moja tu. Alimwonea huruma yule mwanamke, akajionea huruma na yeye mwenyewe.

"Alichoka," alisema. "Sindano, mashine, kupimiwa maji. Aliniambia hivyo kule tulikomkuta. Alikuwa hataki tena upasuaji wala nini, na alishindwa kuwaambia. Aliona mtavunjika moyo."

Dada mtu alilikunjua sweta la kaka yake, akalikunja tena, mikono ndani, kola juu, kama linavyokunjwa dukani.

"Angeniambia mimi," alisema. "Kati ya watu wote, mimi ningemwelewa."